Isale Halikanushwi

Mama Aikasia Tesha alikisalimia kigoda.

"Umeamkaje, Mheshimiwa? Watoto hawajambo? Na huko kwenu mvua imenyesha?"

Kigoda hakikujibu. Ni kigoda cha miguu mitatu, nami hukiweka juu ya meza kila ninapomfundisha mtu kusimama mahakamani. Zamani nilikuwa nakaa mimi mwenyewe pale juu, lakini wanafunzi wangu walikuwa wakinionea huruma wakaniletea chai.

"Mama," nikamwambia, "tumesema swali. Uliza swali moja, fupi, kisha unyamaze."

"Nimuulize mtu swali sijamsalimia? Mwanangu, mimi nililelewa."

"Huyo ni hakimu. Na maswali hayaendi kwa hakimu, yanakwenda kwa shahidi."

"Basi na shahidi naye nitamsalimia."

Nilicheka, ingawa siku ya kesi ilikuwa keshokutwa na sikuwa na sababu kubwa ya kucheka.

Kituo chetu cha msaada wa kisheria bure kiko ndani ya ghala la zamani la kahawa, Mrereni Juu, na kuta zake mpaka leo zinanuka magunia. Nimekaa pale miaka kumi na sita. Wanaokuja kwangu ni watu wenye kesi na wasio na wakili. Siwasemei. Ninawafundisha kusema, kisha ninakaa benchi la nyuma nikiwatazama, na mtu akinyanyuka akasema yake yakaeleweka, natoka pale kifua mbele kana kwamba nimejifungua. Sioni haya kulisema.

Halafu ikaja Nong'ona.

Ni kola nyembamba ya shingoni yenye kidude cha sikioni. Inasikiliza kila kinachosemwa mahakamani, inakokotoa, inamnong'oneza mvaaji cha kujibu. Mvaaji akikwama, msaidizi wa kisheria aliyekaa nyuma anabonyeza kitufe kwenye kibao chake, na kola inasema yenyewe kwa sauti ya mvaaji, sauti ile ile pamoja na kikohozi chake. Sheria inaruhusu. Na inafanya kazi, nisije nikaonekana mtu wa kale: mwaka wa kwanza iliwarudishia wajane kumi na wanne wa kata nyingine vihamba vyao, yale mashamba ya migomba ya ukoo. Ila kola hazitoshi. Kila kata ina moja, na kituo kikishindwa kesi tatu nayo, inahamishiwa kata nyingine. Sisi tulikuwa tumeshashindwa mbili.

Kesi ya Mama Aikasia ilikuwa ya maji. Tangu barafu ya mlimani iishe, maji yetu yanatoka kwenye nyavu za ukungu zilizotandazwa juu msituni. Nyavu zinakinga mawingu, maji yanateremka kwenye mfongo, ule mfereji waliouchimba mababu, na kila kihamba kina lango lake na zamu yake ya wiki. Kila lango lina kihisi. Tarehe nne Juni, kihisi kiliandika kwamba lango la Mama Aikasia lilifunguliwa saa tatu asubuhi, siku isiyo zamu yake. Ushirika wa maji ukampeleka mahakamani. Akishindwa, atanyang'anywa zamu miaka saba. Migomba haisubiri miaka saba. Wala mbege yake, pombe ya ndizi na ulezi inayosifiwa toka Mrereni mpaka barabara kuu, haitengenezwi kwa mate.

"Sikufungua," aliniambia siku ya kwanza. "Saa tatu nilikuwa nageuza ulezi uani. Basi."

Nilimwamini. Kihisi kilijua lango limefunguliwa, hakikujua na nani, na hilo ndilo lilikuwa tumaini letu. Tatizo lilikuwa isale.

*

Tuliiwasha kola kesho yake mchana, mlango wa ghala ukiwa wazi. Niliiweka mezani, karibu na kigoda, ili sote wawili tuisikie.

"Ushahidi pekee unaomhusisha mdaiwa na lango," ilisema Nong'ona, kwa upole wa mtu ambaye hajawahi kulala njaa, "ni kwamba tarehe tano Juni, siku moja baada ya tukio, alimpelekea mwenyekiti wa ushirika, Aminieli Kiwia, jani la mmea uitwao isale. Ushirika utadai kwamba huko ni kukiri kosa. Ushauri: mdaiwa aseme jani hilo halikuwa na maana yoyote. Uwezekano wa kushinda ni asilimia themanini na moja."

Mama Aikasia aliitazama kola, akanitazama mimi.

"Huyu ametokea wapi?"

"Mjini."

"Inaonekana." Akavuta kiti, akaisogelea. "Sikiliza wewe. Isale si jani. Kwetu ukimkosea mtu, ukakosa uso wa kumwendea, unakata isale, unampelekea. Hata kama aliapa kutokusamehe, akiliona lazima asamehe. Na akishalipokea, jambo lile limekufa. Halitajwi tena, si na wewe wala na yeye, hata mkilewa. Sasa mimi nisimame mbele za watu niseme halikuwa na maana? Siku nyingine nikimkosea mtu nitampelekea nini? Mchicha?"

"Nimesomeshwa hukumu laki nne," ilisema Nong'ona. "Isale limetajwa mara mbili, zote mbili kama mmea wa mapambo."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mashine haikuwa inamfundisha mama wa watu uongo. Kwa yenyewe ule ulikuwa ukweli mtupu, kwa sababu katika yote iliyolishwa hapakuwa na mtu hata mmoja wa kwetu aliyeulizwa.

"Njia ya pili," iliendelea, "mdaiwa aeleze kosa halisi alilokuwa akiliombea radhi. Asilimia sitini na sita."

Nikamgeukia. "Mama, ulimkosea nini Mzee Kiwia? Niambie mimi tu."

"Mdomo uliniponza, msibani kwa akina Lema. Maji hayakuwamo. Zaidi ya hapo usiniulize, alishalipokea."

"Lakini yeye ndiye aliyelitaja kwa wakili wake! Yeye ndiye aliyelivunja!"

"Kosa lake si ruhusa yangu."

"Njia ya tatu," ilisema kola. "Mdaiwa asiliguse kabisa suala la jani. Asilimia ishirini na tisa."

Niliizima. Nilikuwa na hasira, na niseme kweli, hasira yenyewe ilikuwa ya kumwona mtu yuko sahihi na usahihi wake unakwenda kumkausha. Kwenye daftari langu palikuwa na watu kumi na watatu wanaoisubiri kola ile. Wa kwanza alikuwa mama wa mapacha aliyefukuzwa nyumbani kwa marehemu mumewe. Tukishindwa kesho, yeye ataivaa lini?

Mama Aikasia alikuwa anakiangalia kibao changu.

"Hicho kitufe cha kunisemea kiko wapi?"

Nikamwonyesha.

"Kesho usikibonyeze."

"Na ukikwama?"

"Niache nikwame. Wewe hebu fikiri. Sauti yangu isikike mle ndani inalikana isale, na majirani wote wamekaa! Maji nitakuwa nayo, ndiyo. Nani atakuja kuyanywa kwangu?"

Sikumwahidi. Nilimwambia tuendelee na mazoezi, akasimama mbele ya kigoda, akauliza maswali kumi na mawili. Tisa kati ya hayo yalikuwa hadithi ndefu. Matatu yalikuwa maswali, mafupi, na baada ya kila moja alinyamaza vizuri kabisa.

*

Chumba cha mahakama kilijaa. Majirani walikuja na vikapu vyao, kwani siku ya kesi ilikuwa pia siku ya soko. Hakimu Shekalaghe, mwanamama mtaratibu wa Usambaani, alikuwa na miezi mitatu tu kwetu.

"Mdaiwa anawakilishwa na nani?" aliuliza karani Remigi, macho kwenye fomu ya mashine yake. "Wakili au Nong'ona?"

Visanduku vilikuwa viwili tu. Cha tatu, kilichoandikwa "mwenyewe", kilifutwa zamani, mwaka ule ilipotangazwa kwa furaha kwamba hakuna tena mwananchi atakayesimama peke yake mahakamani.

"Nong'ona," nikajibu kutoka benchi la nyuma.

Shahidi wa ushirika alikuwa Mzee Kiwia mwenyewe, mtu wa miaka sabini na kitu, koti la kijivu, vifungo vyote vimefungwa. Wakili Kissanga alimwongoza kwa ustadi, na ustadi wa mtu hata akiwa upande wa pili mimi huusifu. Kihisi kiliandika nini? Saa ngapi? Na kesho yake asubuhi, mdaiwa alikuletea nini?

"Isale," alisema Mzee Kiwia.

"Mheshimiwa ni mgeni huku. Mweleze, mtu analeta isale anapotaka nini?"

"Anapoomba radhi."

"Anapoomba radhi," alirudia Wakili Kissanga, akaketi. Majirani walinong'onezana, na hakimu akaandika kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Mdaiwa, una maswali kwa shahidi?"

Mama Aikasia alisimama. Kwenye kibao changu niliona maneno yakipita kuelekea sikioni mwake: *Sema jani halikuwa na maana. Sema sasa.* Hakusema. Sekunde kumi. Kwenye kona ya kibao asilimia ya kushinda ilianza kuteremka, hamsini na nne, arobaini na moja, thelathini na tatu. Chini yake kitufe kiligeuka chekundu, na maandishi yakaniambia kwamba mteja wangu amekwama.

Kidole gumba changu kilikuwa juu yake. Naungama. Nilimfikiria mama wa mapacha. Nilifikiria migomba ya Mama Aikasia ikisinyaa, naye akiwa mtu wa kuomba maji kwa ndoo. Kubonyeza mara moja tu, na sauti yake ingemaliza kesi. Ingekuwa sauti yake, na hilo ndilo lililonishinda. Miaka kumi na sita nimewaambia watu sauti yako ni yako, hakuna awezaye kukunyang'anya, leo mnyang'anyi awe mimi?

Nikakizima kibao, nikakilaza kifudifudi kwenye benchi.

Mama Aikasia alitoa kidude sikioni, akaivua kola, akaiweka mezani taratibu kama mtu anayevua miwani. Kisha akamgeukia shahidi.

"Shikamoo, Mzee Kiwia."

Wakili Kissanga alikuwa ameshasimama. "Pingamizi, Mheshimiwa. Hilo si swali."

"Ni salamu, wakili," alisema hakimu. "Shahidi anaweza kuijibu."

"Marahaba, Mama Aikasia."

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

Nilifumba macho. Nikasema moyoni, basi, sasa atamuuliza habari za ng'ombe. Lakini nilipofumbua, Mzee Kiwia alikuwa amegeuka. Toka asubuhi alikuwa akizungumza na wakili wake na ukuta. Sasa alikuwa akimtazama jirani yake.

"Isale nililokuletea, ulilipokea?"

"Nililipokea."

"Ulilipokea namna gani?"

"Kwa mikono miwili."

"Liko wapi sasa?"

"Mheshimiwa," alisema wakili, "sioni umuhimu wa..."

"Mimi nauona," alisema hakimu. "Jibu, mzee."

Mzee Kiwia alivuta koti. "Nimelipanda. Pale mbele ya nyumba yangu. Limeshika."

"Ulilipanda kwa nini?"

Nikajikunja kwenye benchi. Kwa nini! Swali ambalo nimewakataza wanafunzi wote, miaka yote, kwa sababu ukimuuliza shahidi kwa nini umempa jembe akuchimbie kaburi.

"Kwa sababu tuliyamaliza," alisema Mzee Kiwia.

Mama Aikasia alitikisa kichwa kukubali. Angeweza kuuliza tuliyamaliza yapi, na chumba kizima kilikuwa kimeinamia mbele kikisubiri. Hakuuliza hivyo.

"Tulichokimaliza siku ile, kilikuwa maji?"

Akanyamaza, vizuri kabisa, kama mbele ya kigoda. Hakuongeza neno, hakukohoa. Wakili Kissanga alikuwa akimkazia macho shahidi wake. Majirani waliacha kusogeza vikapu. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, nami sijawahi kukisikia kimya kikubwa kama kile.

"Hapana," alisema Mzee Kiwia. "Hakikuwa maji."

"Kilikuwa nini basi?" aliuliza hakimu.

"Maneno, Mheshimiwa. Maneno ya msibani. Yenyewe siyataji, unisamehe, nilishayapanda."

"Na kwa nini hukumweleza wakili wako?"

Mzee alimtazama wakili wake. "Aliniuliza kama mama huyu alileta isale. Nikasema ndiyo. Hakuniuliza la nini. Na mimi nilikuwa na hasira ya maji, nikaliacha lipite."

"Sina swali jingine, Mheshimiwa," alisema Mama Aikasia. Akaketi, akajifuta jasho la shingo, pale ilipokuwa kola.

Mimi nilikuwa nalia. Watu walidhani nalia kwa sababu tumeshindwa, jirani mmoja akanipa leso. Nilikuwa nalia kwa fahari.

*

Hakimu alitupa saa moja ya mapumziko. Tuliketi kwenye ngazi, mimi na Mama Aikasia, tukila ndizi za kuchoma za sokoni.

"Ulikiacha kitufe?" aliniuliza.

"Nilikiacha."

"Nilijua." Hakujua hata kidogo, lakini nilimwachia.

Ua wa mahakama yetu umezungushiwa masale, kama ua wowote wa kwetu. Tulimwona Mzee Kiwia akizungumza na askari wa getini, askari akicheka kidogo, kisha akimwazima kisu. Mzee akakata isale moja lenye shina zuri. Akaja nalo mpaka chini ya ngazi, polepole, mbele ya wakili wake na mbele ya soko zima. Hukumu ilikuwa bado haijasomwa. Hakuna aliyejua itakwenda upande gani.

Alilinyoosha kwa mikono miwili.

Mama Aikasia alifuta vidole vyake kwenye kanga, akasimama, akalipokea kwa mikono miwili. "Jumamosi mbege itakuwa imeiva," alisema. Na mimi, ambaye kazi yangu ni kuuliza, sikuuliza lolote.

Hukumu ilikuwa fupi. Hakimu Shekalaghe alisema kihisi kinalijua lango, lakini hakiujui mkono uliolifungua. Alisema ushirika ulileta kitu kimoja tu cha kuuonyesha mkono huo, na shahidi wa ushirika wenyewe amekiondoa. Dai limetupwa. Zamu ya Aikasia Tesha inabaki kama ilivyo.

Vigelegele vilipigwa mpaka askari akaingia. Kisha karani Remigi akainua mkono.

"Mheshimiwa, mashine inakataa kupokea hukumu."

"Inataka nini?"

"Kwenye mwakilishi wa mdaiwa, tuliandika Nong'ona. Sasa inasema Nong'ona ilivuliwa kabla ya swali la kwanza, kwa hiyo si yeye. Inataka jina la wakili."

Hakimu alinitazama. "Ni wewe uliyemwakilisha?"

Nilisimama. Ningeweza kusema ndiyo. Kesi ingehesabiwa kituo chetu, na ushindi mmoja ungefuta kushindwa kumoja. "Hapana, Mheshimiwa. Mimi nilikuwa benchi la nyuma."

"Nani basi?"

"Ni mimi," alisema Mama Aikasia, isale mkononi. "Hata mashine yenyewe ilikuwapo."

"Sina kisanduku cha hivyo, mama," alisema Remigi kwa unyonge.

"Andika jina langu."

"Hapana pa kuliandika."

Hakimu Shekalaghe alimwambia achape fomu kwenye karatasi. Ikachukua muda, kwa sababu kichapishi kilikuwa na vumbi la miaka. Akavikata visanduku vyote viwili kwa mstari mmoja, akafungua kalamu, akauliza jina kamili.

"Aikasia Ndewirwa Tesha."

Aliliandika kwa mkono, polepole, akagonga muhuri juu yake. Mama Aikasia aliomba aione karatasi. Aliisoma mara mbili, mdomo ukicheza, kisha akainua kidevu na kutoka nje mbele yetu sote, na watu wakampisha njia.

Hesabu ya kituo chetu haikusogea, tumeshindwa mbili na hatujashinda hata moja. Jumatatu nilipofika ghalani, watu kumi na watatu wa daftari langu walikuwa wameshapanga foleni, kola ikiwa juu ya meza, tayari kwa anayeitaka. Wa kwanza aliingia yule mama wa mapacha. Aliitazama, akaipita, akavuta pumzi mbele ya kigoda.

"Umeamkaje, Mheshimiwa?" akasema.